Koki Isiyopata Mgeni Rasmi

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kwa sasa liko kwenye matengenezo. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu, na wewe msomaji uiite hivyo hivyo. Usiniulize iko upande gani. Ukiamka asubuhi ukafungua bomba, likakohoa kidogo halafu likanyamaza, jua hujakaa mbali na sisi.

Zamani maji yakikatika ulikuwa unamwendea mtu wa maji, unamgongea mlango, anatoka na msuli kiunoni, anakwambia, "Bibi, maji hakuna." Basi. Unarudi na ndoo yako tupu, wala hujui umejibiwa kwa utaalamu gani. Ilikuwa aibu kwa taifa. Serikali ikaliona hilo, ikanunua ng'ambo mtambo mkubwa, ikauweka makao makuu ndani ya jengo lenye baridi ya kutetemesha meno, na mtambo ukaunganishwa na kila koki ya maji nchini. Sasa koki haifunguliwi na mkono wa mtu. Inafunguliwa na mtambo, kutoka huko huko kwenye baridi. Kila koki ikawekewa kisanduku chenye kioo kidogo, na koki isipofunguka, kioo kinaonyesha namba ya kosa.

Tangu siku hiyo hakuna raia anayeambiwa maji hakuna. Unaambiwa Kosa namba tisa. Ndoo ni ile ile, tupu vile vile, lakini unarudi nayo ukiwa na cha kusimulia.

Namba zikatuingia damuni. Redio ilizisoma baada ya matangazo ya vifo. Watoto shuleni waliziimba. Watu wakisalimiana, badala ya habari za kwenu, huulizana, "Mko namba ngapi?" Jirani yangu Mwajabu ana dada yake kata ya pili, huko wana namba kumi na mbili, maana yake maji yamezidi nguvu ya bomba. Basi Mwajabu akitembea anajivuna kama aliyeolewa na mfalme. "Kwa dada yangu maji yamezidi," anasema. Ndoo za dada yake nazo ni kavu, lakini ni ukavu wa namba kumi na mbili.

*

Mtambo ulipofika ulikuja na makosa machache tu, ya huko ulikotoka. Waya umekatika. Koki haijibu. Koki haijulikani. Waheshimiwa wetu wakakaa kikao hotelini kuyajadili, wakala, wakajadili, wakala tena. Mmoja wao akasimama akapiga meza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti! Haya ni makosa ya kuagiza! Taifa huru, lenye wasomi wake, litaendelea kukosea kwa makosa ya watu wengine mpaka lini?"

Wakamshangilia mpaka chai ikamwagika. Ndipo yakatungwa makosa ya kizalendo.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Kwetu hakuna kitu kinachofanya kazi kabla hakijazinduliwa na mgeni rasmi. Daraja likijengwa likaisha, tunaendelea kuvuka kwa miguu mtoni, pembeni yake, mpaka atakapokuja mkubwa kukata utepe. Choo cha shule yetu kilikaa na utepe mlangoni muhula mzima, na watoto wakawa wanakipita kwa adabu kuelekea vichakani. Sasa mtambo, kwa kuwa ni mgeni, haukuyajua haya. Maji yakifika kwenye koki, wenyewe unafungua tu, kama mtu asiyelelewa. Ikabidi ufundishwe adabu. Wakauwekea Kosa namba thelathini na moja: koki haijapata mgeni rasmi. Thelathini na mbili: mgeni rasmi amepatikana, hajathibitisha. Thelathini na tatu: mgeni rasmi yuko njiani. Thelathini na nne: mgeni rasmi amefika, hajala. Thelathini na tano ipo, lakini wananchi hatukuambiwa maana yake.

Koki ya zahanati yetu ilikuwa namba thelathini na moja. Bomba lilishafika, maji yalishafika. Ukiweka sikio kwenye chuma unayasikia upande wa pili, yanapumua.

*

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshazoea. Nimezoea mengi. Aliyenitoa kwenye mazoea ni mjukuu wangu Tunu, aliposhika mimba ya pili.

Kuna sheria kwamba zahanati isiyo na maji haizalishi. Mjamzito anapelekwa hospitali ya wilaya, ng'ambo ya vilima, kwa njia ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili. Mimba ya kwanza Tunu alipelekwa huko. Mtoto alizaliwa njiani, nyuma ya pikapu ya mkaa, kwenye kona ya mawe, na hakulia. Tulirudi naye nimemfunika kwa kanga yangu. Tulipopita zahanati, kioo cha koki kilikuwa kinaonyesha thelathini na moja, kwa mwanga mzuri wa kijani.

Basi safari hii nilisema neno moja tu: Tunu atazaa hapa, kwenye kitanda cha Nesi Domitila. Sikutaka kingine.

Nesi Domitila ni mwanamke mkavu wa maneno, mwenye mikono mizuri. Nilimkuta anafagia.

"Bibi, niletee maji, mimi nitampokea huyo hata akija na mapacha watatu. Bila maji siandiki jina lake. Wakinikuta nimezalisha pakavu, nafukuzwa, halafu mnabaki na nani?"

"Nesi, maji si yale pale? Nayasikia."

"Hata mimi nayasikia, bibi. Kila nikifuta mikono kwa kitambaa, nayasikia."

Utaniuliza, si mchote kisimani? Kisima chetu cha zamani kilizibwa kwa saruji siku mtambo ulipowashwa, ili kisiushindanie. Mto nao kiangazi kile ulikuwa mchanga mtupu. Ya kunywa tulikuwa tunayavizia kwenye kijichemchemi cha mlimani, dumu moja kwa nyumba nzima, na hilo linaishia kooni.

*

Nikaenda kwa Mtendaji wa kata, Bwana Chambuso. Ni kijana msafi, tai yake ndefu, na ana adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ajili ya koki ya zahanati."

"Mmepewa namba?"

"Tumepewa. Thelathini na moja."

"Hongereni! Kuna kata mpaka leo hazina hata namba."

"Asante. Sasa nasikia anatafutwa mgeni rasmi. Si wewe hapa? Njoo ukate utepe, kisu ninacho."

Bwana Chambuso akainuka akafunga mlango. "Bibi! Maneno gani hayo? Mimi cheo changu kinafungua semina tu. Tena semina za nusu siku. Koki ni ya Mheshimiwa Waziri."

"Na waziri yuko wapi?"

"Yuko makao makuu, anazindua Wiki ya Uzinduzi."

"Mjukuu wangu anazaa mwezi huu, baba."

"Mwambieni asiwe na haraka."

"Mwenye haraka si yeye."

Akanitazama kwa huruma kabisa, mtoto wa watu. "Wewe ni mtu mzima, bibi. Kaa naye, ongea naye taratibu."

"Nitaongea naye. Ila yule aliye ndani sijui kama atanisikia."

Nilirudi kesho yake. Nikarudi na kesho kutwa. Nilikuwa nakaa kwenye benchi lake na kikapu changu cha ukili, nasuka. Mtu akisuka ukili hafukuzwi, anaonekana ana kazi. Siku moja Bwana Chambuso akaona aibu, akapiga simu makao makuu, akanipa niongee na injinia wa mtambo mwenyewe. Sauti yake ilikuwa changa, inatetemeka, nadhani ni ile baridi.

"Bibi, huku kwangu koki yenu inaonekana ya kijani."

"Huku kwetu, mwanangu, inaonekana ya chuma."

"Mtambo unasema hakuna tatizo lolote."

"Na hilo kosa?"

"Kosa lipo, bibi. Tatizo ndilo halipo. Hii namba si hitilafu, ni heshima."

"Sasa wewe ukibonyeza hapo ulipokaa, haifunguki?"

"Inafunguka mara moja."

"Basi bonyeza, baba, kuna mtoto anazaliwa mwezi huu. Mungu akubariki."

Nilimsikia anasogeza kiti.

"Bibi, nikibonyeza, jina langu litatokea kwenye vioo vya nchi nzima kwamba mimi ndiye mgeni rasmi. Mimi! Nina watoto, bibi."

Nikamwambia, haya, akatafute sweta. Nikairudisha simu. Nawaambia kweli, nilitoka pale nikiwaza. Mtu ana kidole, ana kitufe, anajua kuna mtoto, na anaogopa kioo.

*

Asubuhi moja tukasikia ngoma. Watu wanakimbia kuelekea zahanati, nami nikakaza kanga, nikamshika Tunu mkono na tumbo lake hilo, tukakimbia kwa namna yetu. Nilidhani maji yametoka. Kumbe namba imebadilika. Kioo kinasoma thelathini na mbili.

Bwana Chambuso alikuwa juu ya kiti cha plastiki. "Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa! Jana tulikuwa namba ngapi?"

"Thelathini na moja!"

"Na leo?"

"Thelathini na mbili!"

"Mnaona tunavyopanda?"

Wakashangilia. Mwajabu akapiga vigelegele mpaka akakaukiwa, akatafuta maji ya kunywa, hayakuwepo.

Tunu akaniinamia sikioni. Yeye huniita mke mwenza, kama wajukuu wa kike wanavyotaniana na bibi zao kwetu, kwa kuwa babu ni mume wa wote. "Mke mwenza," akasema, "hivi namba zikipanda, maji yanasogea huku au yanarudi kule?"

"Piga makofi, mke mwenza. Tunaangaliwa."

Akapiga. Nilimwona jinsi anavyopiga, mikono iko huku, macho yako kwenye ile barabara ya vilimani. Hakusema kitu kuhusu kona ya mawe. Hajawahi kusema.

*

Namba thelathini na tatu iliingia ghafla: mgeni rasmi yuko njiani. Kata ikapagawa. Mawe ya kando ya barabara yakapakwa chokaa. Turubai likafungwa mbele ya zahanati, zulia jekundu likatandikwa kutoka barabarani mpaka kwenye koki, koki yenyewe ikavalishwa utepe kama bi harusi. Wagonjwa wakaambiwa wahamie nyuma ya jengo, wasiharibu picha. Mbuzi wakachinjwa, ili kosa la thelathini na nne lisitucheleweshe.

Ikabaki shida ya vumbi. Barabara yetu wakati wa kiangazi ni unga. Na Mheshimiwa Waziri, tuliambiwa, huvaa suti nyeupe na hupenda kufungua dirisha apunge. Basi wilaya ikaleta boza zima la maji, lililojaa mpaka linavuja mfunikoni, limwagilie barabara kuanzia darajani mpaka kwenye zulia.

Asubuhi ile ile ya siku yenyewe, Tunu akashikwa na uchungu.

Nikamfikisha zahanati amenikumbatia shingo. Nesi Domitila akampima palepale, akanivuta pembeni.

"Ni leo, bibi, tena si jioni. Tafuta gari awahi wilayani."

Mwenye pikapu akakubali kabla sijamaliza kusema. Tukafika kwenye kizuizi, Bwana Chambuso akainua mikono yote miwili.

"Barabara imefungwa! Hakuna chombo kutoka mpaka msafara upite!"

"Baba, huyu anazaa."

"Namwona, bibi. Naumia sana. Lakini mkikutana na msafara kwenye kona kule, nitasema nini?"

"Basi tumrudishe, azae zahanati."

"Zahanati haina maji, bibi. Ni kosa."

"Kwenda wilayani hatuwezi."

"Hamwezi."

"Kuzaa hapa haturuhusiwi."

"Hamruhusiwi."

"Sasa azae wapi, Chambuso?"

Nilimwita jina lake tupu, bila bwana, bila baba. Watu waligeuka. Yeye akatazama saa yake, akasema tu kwamba mgeni rasmi yuko njiani.

Tulimrudisha Tunu, tukamlaza kwenye benchi la nje, chini ya mkia wa turubai. Alikuwa ameng'ata ncha ya kanga. Akanishika kidole, akasema, "Mke mwenza, usiniache nikarudi kule." Na hapo ndipo boza likapita mbele yetu. Lilishamwagilia kutoka darajani mpaka kwenye mashine ya kusaga, sasa limekuja kumalizia kipande kilichobaki kwa kuanzia huku kwenye zulia. Linakwenda polepole, nyuma linamwaga maji kwenye mchanga kama mtu anayekojoa bila wasiwasi. Ile harufu ya udongo uliolowa ikanifika usoni. Maji mengi vile, sijayaona tangu kisima kizibwe. Yanapita mlangoni kwa nesi, yanapewa vumbi.

Mimi nina subira. Wote wanaonijua watakwambia. Lakini nilimwachia Mwajabu mkono wa Tunu, nikaenda nikakaa katikati ya barabara, mbele ya boza, nikanyoosha miguu.

*

Dereva aliitwa Makasi, mtu wa mbali, mnene, ana taulo shingoni. Alipiga honi. Akapiga tena. Akatoa kichwa.

"Bibi, toka njiani! Nimeagizwa nimwagilie barabara!"

"Mwagilia, baba. Mimi nimekaa barabarani, nimwagilie na mimi."

"Nitakanyaga mtu jamani!"

"Anza na huyu, hana kazi kubwa."

Wanawake wakaanza kutoka majumbani. Mmoja na ndoo, mwingine na sufuria, mwingine na karai la mjengo. Hawakuitwa na mtu.

"Akina mama, haya si maji ya kunywa," Makasi akasema. "Haya ni maji ya vumbi!"

"Na wewe mama yako alikuoshea vumbi ulipozaliwa?" Mwajabu akapaza sauti kutoka kwenye benchi. "Ndiyo maana uko hivyo!"

Tunu akalia mara moja, kwa sauti ya chini, ile isiyotoka mdomoni. Makasi akageuza shingo, akamwona. Akazima injini. Akashuka, akajifuta uso kwa taulo, akaangalia upande wa vichaka.

"Mimi naenda kujisaidia," alisema, kama anayemwambia mtu aliyeko vichakani. "Nikijisaidia nachelewa sana. Mpira uko nyuma. Koki yake haina kioo, inazungushwa kwa mkono."

Ilizungushwa. Sijaona kitu kilichozungushwa na mikono mingi vile. Tulijaza pipa la nesi, tukajaza ndoo, masufuria, karai, na lile beseni jipya la maua walilomwekea mheshimiwa anawie mikono. Nesi Domitila alisimama mlangoni akinawa mpaka viwikoni, povu linamdondoka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayekula baada ya kufunga.

"Mleteni ndani," akasema. "Maji yapo. Sheria imetimia."

*

Mtoto alifika kabla ya waziri. Wa kike. Alikaa kimya kidogo, na katika kile kimya mimi nilikuwa nimerudi kwenye kona ya mawe, nimeshika kanga. Nesi akampindua, akampiga kofi la matako, na yule binti akafungua kinywa akatukana zahanati nzima. Tunu akaanza kucheka na kulia pamoja. "Msikie mke mwenza wetu," akasema. "Msikie!"

Yaliyotokea barabarani nilisimuliwa. Msafara ulivuka daraja vizuri, barabara imelowa, mheshimiwa amefungua dirisha, anapunga. Wakafika kwenye mashine ya kusaga, pale boza lilipokuwa limeishia. Kuanzia pale ni unga. Magari ya mbele yakaupandisha wote, ukamwingia yeye dirishani, mdomoni, kwenye suti. Wanasema alipiga chafya kama mbuzi. Msafara ukageukia palepale, ukarudi makao makuu. Kioo cha koki yetu kikawaza kidogo, halafu kikaonyesha thelathini na tano. Hapo ndipo tulipoijua maana yake: mgeni rasmi amekasirika.

Bwana Chambuso alikuja zahanati akiwa mweupe kwa vumbi, tai imegeukia mgongoni. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia chumba cha wazazi.

"Bibi, nani alitoa maji kwenye boza?"

"Sisi."

"Yale maji yalikuwa na bajeti yake. Yalikuwa ya barabara! Nitaulizwa. Nitasema nini mimi?" Karibu nimwonee huruma. "Naagiza yarudishwe. Yote. Barabarani. Sasa hivi, nione kwa macho yangu, ili nikiulizwa niseme yalirejeshwa."

"Sawa, baba," nikasema.

Nikaingia ndani. Lile beseni la maua lilikuwa chini ya kitanda, lina maji tuliyomwoshea mtoto na mama yake, mekundu, yana povu kidogo. Nikalibeba kwa mikono miwili. Nikapita kwenye zulia lao, chini ya turubai lao, viti vyote vitupu, mpaka barabarani. Bwana Chambuso akanifuata. Nikayamwaga taratibu, yasiruke. Vumbi likalala, mahali padogo, kama upana wa mkeka wa mtoto.

Akatazama pale palipolowa, akanitazama mimi.

"Na mengine, bibi?"

"Mengine yako ndani," nikamwambia. "Yananyonya."